Asali na gundi ya nyuki kwenye kidonda: kuandaa, kufunga na kujua pa kukomea

Kosa la kwanza la wanaotumia asali kwenye kidonda ni kuipaka kama mafuta ya kujipaka: kidole kimoja, utando mwembamba, halafu kidonda kinaachwa wazi. Saa moja haijapita, majimaji ya kidonda yameshaiyeyusha asali yote, nzi wamekuja, na mgonjwa anasema dawa ya nyuki ni uongo mtupu. Asali hufanya kazi ikiwa nzito, ikiwa nyingi, na ikikaa palepale kwa saa nyingi. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na hilo.

Asali iliyoiva ina maji yasiyozidi asilimia 20 na sukari karibu asilimia 80, kwa hiyo huvuta maji kutoka kwenye chochote kinachoigusa, bakteria wakiwemo. Pia ina asidi; pH yake kwa kawaida ni kati ya 3.2 na 4.5. Tena nyuki huiwekea kimeng'enya kinachoitwa glukosi oksidesi. Asali inapoanza kuchanganyika na majimaji ya kidonda, kimeng'enya hicho hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Ni dawa ileile inayotoa povu ikimwagiwa kidonda, ila kwa kiasi kidogo kisichounguza nyama mpya. Asali ya Manuka ya New Zealand ina kemikali yake nyingine, ndiyo maana bei yake iko juu mno. Asali nyingi za kawaida hutegemea zaidi kimeng'enya hiki, nacho huharibiwa na moto na mwanga. Asali iliyochemshwa sufuriani ili ichujike haraka, au iliyopigwa jua kando ya barabara wiki nzima, itakolea vizuri kwenye chai lakini kwenye kidonda nusu ya nguvu zake zimekwisha.

Kwanza kitazame kidonda

Kinachofaa kutibiwa nyumbani ni kidonda cha juu juu: mchubuko wa kuanguka, mkato mdogo wa kisu ambao damu imekatika, lengelenge lililopasuka lenyewe, kuungua kudogo kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, tundu la funza baada ya funza kutolewa mzima na mguu kuoshwa. Ukiweza kuona chini ya kidonda, na chini pakawa na nyama nyekundu yenye unyevu, endelea.

Usianze kabisa na asali ikiwa damu haikatiki baada ya kubana kwa dakika 10, ikiwa ndani unaona mafuta, mshipa au mfupa, ikiwa ni tundu jembamba na refu la msumari au mwiba, au ikiwa moto umeunguza uso, viganja, maungio au sehemu za siri. Mtoto mdogo aliyeungua apelekwe, hata kama alama ni ndogo. Mwenye kisukari mwenye kidonda cha mguu naye apelekwe: mguu wake mara nyingi hauumi, na mfupa unaweza kuwa unaoza chini yeye akidhani anapona. Aliyeumwa na mbwa aoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha akimbizwe siku hiyohiyo kuchanjwa kichaa cha mbwa. Jeraha hilo lisifunikwe kwa asali.

Kipo kidonda kimoja ambacho mtu wa Uganda hana udhuru wa kukisahau, maana dunia nzima inakiita kwa jina la mahali petu: kidonda cha Buruli, kwa jina la eneo la Nakasongola karibu na Ziwa Kyoga. Huanza kama kinundu au uvimbe usiouma, kisha hupasuka na kuwa kidonda chenye kingo zilizochimbika, kipana chini ya ngozi kuliko kinavyoonekana juu. Kutouma kwake ndiko kunakodanganya. Dawa yake ni antibayotiki za wiki 8 kutoka hospitali. Ukikifunga kwa asali kwa mwezi mmoja unakipa mwezi mmoja wa kula.

Na pepopunda: asali haiizuii. Kama kidonda kiliingia udongo au samadi, na miaka 5 imepita tangu uchanjwe au hukumbuki kabisa, pitia kituo cha afya kwa chanjo hata kama kidonda chenyewe unakitibu nyumbani.

Asali ipi

Ukiweza kupata asali ya hospitali, ile ya kwenye tyubu iliyotakaswa kwa miale ya gama, tumia hiyo. Sababu si majivuno. Asali ya mzingani inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaopooza misuli. Moto wa jikoni hauziui mbegu hizo, unaua kimeng'enya tu. Ndiyo maana asali ya kawaida ni ya vidonda vya juu juu peke yake, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja haipewi kabisa, iwe kwa kulamba au kwenye kidonda.

Ya kawaida ichukuliwe kwa mfugaji unayemjua, anayekata masega mbele yako. Sega liwe limefunikwa kwa nta angalau robo tatu. Lililo wazi bado lina maji mengi na litachacha. Vipande vyenye majana (watoto wa nyuki) na chavua viwekwe kando. Asali ya kukamuliwa kwa mkono, majana na yote, ina protini na uchafu unaooza.

Kuikamua bila moto ni hivi. Ponda masega kwa mwiko mkavu kwenye ndoo safi. Yamimine kwenye kitambaa cha nailoni kilichofungwa mdomoni mwa ndoo nyingine, funika, acha yadondoke usiku kucha. Kitambaa hicho kisiwe chandarua: vyandarua vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo huishia kwenye asali. Acha asali itulie siku 2 au 3, engua povu na vipande vya nta vilivyopanda juu, kisha tia kwenye chupa za kioo zilizokauka kabisa. Tone moja la maji chini ya chupa latosha kuanzisha uchachu. Hifadhi gizani.

Majaribio ya kiberiti, ya karatasi na ya glasi ya maji hayathibitishi kitu. Shira nzito ya sukari hufaulu yote. Kipimo cha kweli cha maji ni rifraktometa, na vyama vingi vya wafugaji nyuki vinacho. Bila hicho, pindua chupa iliyojaa utazame kiputo cha hewa: kikipanda kwa kujivuta, asali ni nzito, kikiruka juu mara moja, ina maji. Harufu ya pombe na povu linalorudi kila ukiengua ni uchachu, na hiyo haifai kidonda hata kidogo. Kuganda si kosa. Iliyoganda huwekwa chupa nzima kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unavumilia kwa raha, hadi ilainike.

Alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwenye chupa inahusu asali ya kula. Haisemi kwamba imetakaswa kwa ajili ya kidonda. Na ukiagiza sokoni Kampala kwa Kiganda, taja jina lote, *omubisi gw'enjuki*, la sivyo utaletewa juisi ya ndizi.

Kufunga

Andaa mapema: gozi safi, bendeji, pamba nene au gozi ya ziada ya kunyonya, Vaselini, glovu au mikono iliyooshwa kwa sabuni, na maji ya chumvi. Maji hayo ni lita 1 ya maji yaliyochemka dakika kadhaa, na kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi kilichosawazishwa kwa kisu. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Hayalali; kesho chemsha mengine.

Osha kidonda kwa maji hayo, ukimimina kwa mkondo au kwa sirinji isiyo na sindano, hadi mchanga na usaha uliolegea uondoke. Usisugue. Spiriti, Jik na dawa za kuulia vijidudu vya sakafuni huua hata nyama mpya, kwa hiyo zikae mbali. Kausha ngozi ya pembeni tu, kisha ipake Vaselini upana wa kidole kuzunguka kidonda. Bila hiyo majimaji yataloanisha ngozi nzima, iwe nyeupe na laini kama kidole kilichokaa muda mrefu kwenye beseni la kufulia, na kidonda kitapanuka kwa ukingo wake wenyewe.

Sasa asali. Iweke kwenye gozi, usiiweke kwenye kidonda. Ukiimwaga kidondani itateleza kando kabla hujafunga. Ikiwa kwenye gozi inakaa. Kipimo ni mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai, kwa gozi ya sentimita 10 kwa 10, na kidonda chenye majimaji mengi kinataka hadi mililita 30. Kama asali ni nzito mno, pasha chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Acha gozi inywe dakika chache hadi uone asali imepenya upande wa pili. Chota kwa kijiko kilichochemshwa, na usirudishe kwenye chupa kijiko kilichogusa gozi. Gozi ivuke kingo za kidonda kwa nusu sentimita kila upande, kwa sababu uambukizi mara nyingi huanzia pembeni. Kama kuna shimo dogo, jaza asali shimoni kwanza, kisha gozi juu.

Juu yake weka pamba au gozi kavu ya kunyonya, halafu bendeji, isiyobana kiasi cha kufanya vidole viwe baridi. Asali itavuja ikiwa hujafunga vizuri, na siafu wana pua ndefu. Usiku mguu ukae juu ya kitu kisafi, na mkeka ufutwe.

Atakayefungwa aambiwe mapema kwamba itawasha. Ni ile asidi, na kwa kawaida hupungua ndani ya nusu saa. Ikiendelea kuchoma kwa saa nyingi, fungua, osha, acha: kuna ngozi zisizoivumilia.

Kubadilisha

Siku 2 au 3 za kwanza badilisha kila siku, au mara mbili kwa siku kama bendeji imelowa hadi nje. Kulowa huko maana yake asali imeshazimuliwa na haina kazi tena. Majimaji yakipungua, siku 2 hadi 3 zatosha. Gozi iliyoganda isivutwe: imwagie maji ya chumvi, subiri dakika 10, itaachia yenyewe. Kuing'oa kwa nguvu kunaondoa ngozi changa uliyoifungia wiki nzima.

Usishtuke kidonda kikionekana kikubwa zaidi siku za mwanzo na kutoa majimaji zaidi. Asali inalainisha nyama iliyokufa na kuitoa, na kilichokuwa kimefichwa na kigaga kinaonekana. Dalili njema ni harufu kupungua, rangi ya kijivu na manjano kugeuka nyekundu yenye chembechembe, na ukingo wa ngozi mpya laini kusogea ndani.

Dalili mbaya ni maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, homa, usaha mzito wenye harufu, na uvimbe unaosambaa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usiutegemee. Gusa kwa mgongo wa kiganja: ngozi ya pembeni ni ya moto kuliko ya mguu wa pili? Imekuwa ngumu, inang'aa? Chora mstari kwa kalamu ukingoni mwa uvimbe asubuhi; ukiuvuka jioni, twende kituo cha afya usiku huohuo. Mistari inayopanda kuelekea kinena au kwapa haingoji hata jioni. Na kidonda ambacho hakijapungua ukubwa baada ya wiki 2 za kufungwa sawasawa kina sababu ambayo asali haiifikii.

Bomba la bodaboda

Alama hii inajulikana nchi nzima: umbo la yai, upande wa ndani wa shavu la mguu, abiria ameshuka upande wa bomba la moshi. Kinachofanywa mara nyingi ni kupaka dawa ya meno papohapo, nayo hufungia joto ndani.

Maji ndiyo ya kwanza. Maji safi ya kawaida, si barafu, yatiririke juu ya pale palipoungua dakika 20. Bado yana faida ukichelewa, hadi saa 3 baada ya kuungua. Asali ikipakwa kwenye ngozi ambayo bado ni ya moto haisaidii. Subiri ipoe kabisa. Lengelenge zima liache, ni bendeji uliyopewa bure. Likipasuka, osha, kisha funga kwa asali kama ilivyoelezwa. Ni kwenye kuungua kwa namna hii, kusikofika chini ya ngozi, ndiko ushahidi wa asali ulipo imara zaidi: mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, ya mwaka 2015 yalikuta huponya siku 4 hadi 5 mapema kuliko bendeji za kawaida. Lakini palipoungua pakiwa peupe au peusi, pakavu kama ngozi ya ngoma, na pasipouma ukipagusa, moto umepita ngozi yote. Hapo ni hospitali, hata kama ni padogo kama sarafu.

Gundi ya nyuki

Gundi ya nyuki, au propolisi, ni utomvu wa miti ambao nyuki huuchanganya na nta ili kuziba nyufa za mzinga. Karibu nusu yake ni utomvu, na karibu theluthi ni nta. Ina uwezo wa kuzuia bakteria na kuvu, lakini muundo wake hubadilika kwa miti ya kila mahali, hivyo usitegemee gundi ya Arua na ya Kasese zifanane kwa nguvu. Hatari yake ni mzio. Mtu asiyedhurika na asali anaweza kuvimba na kutoka vipele kwa gundi. Jaribu kila mara: tone moja ndani ya mkono karibu na kiwiko, funika kwa plasta, tazama baada ya saa 24 na tena baada ya 48. Pakiwasha au kuvimba, iache moja kwa moja.

Ikwangue kutoka kwenye pau za juu na ukingo wa kifuniko. Usichukue kwenye mzinga uliopakwa rangi ndani, wala kwenye nguzo zilizopakwa grisi au oili chafu ya gari kuzuia siafu. Nyuki hawachagui: chochote kinachonata hukichukua kama gundi, na uchafu huo utaupaka kwenye ngozi ya mtu. Igandishe kwenye friji ya barafu usiku mmoja. Ikiwa baridi huvunjika kama kioo. Kwenye joto la mchana itanata kwenye kinu hadi uchoke. Chambua vijiti na miguu ya nyuki, kisha isage.

Kwa tinkcha, yaani gundi iliyolowekwa kwenye spiriti, gramu 30 za unga huo zinaingia kwenye mililita 100 za spiriti ya asilimia 70. Ukiwa na ya asilimia 96 kutoka duka la kemikali za maabara, changanya mililita 73 na maji mililita 27 yaliyochemshwa yakapoa. Spiriti ya zambarau ya jiko isitumike, ina methanoli. Enguli, pombe kali ya kienyeji, pia hapana, kwa sababu hujui nguvu yake wala kilichomo. Tia kwenye chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, tikisa mara mbili kwa siku kwa siku 14, kisha chuja kwa kitambaa cha pamba. Ilaze kwenye friji usiku mmoja ili nta iliyobaki izame, chuja tena. Rangi iwe ya kahawia iliyokolea. Andika tarehe.

Tinkcha hii ni ya ngozi isiyo na jeraha inayozunguka kidonda na ya mikwaruzo midogo. Usiimwage kwenye kidonda kilicho wazi: spiriti inaunguza nyama ileile asali inayoilinda.

Kidonda kikishafunga, na ngozi mpya ikawa kavu na nyororo, asali haina kazi tena. Hapo marhamu ndiyo mahali pake. Pasha gramu 100 za mafuta ya shea, *moo yaa* ya Waacholi, pamoja na gramu 10 za unga wa gundi, kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji yanayotoa mvuke bila kuchemka, kwa saa 2, ukikoroga kila baada ya muda. Mafuta huchukua nguvu kidogo kuliko spiriti, lakini hayachomi. Chuja yakiwa ya moto, rudisha bakulini, ongeza gramu 12 za nta, koroga hadi iyeyuke. Dondosha tone kwenye kijiko baridi: likiwa gumu kama mshumaa ongeza mafuta, likitiririka ongeza nta. Usijaribu kuchanganya asali humo. Itajitenga na kukaa chini ya kikopo. Paka kidogo asubuhi na jioni, na ngozi hiyo changa ifunikwe na jua kwa miezi kadhaa, maana huacha doa jeusi kwa urahisi.